Kikalio Ukutani

Nikiwa mtu mzima kabisa niliamini, kama ninavyoamini kwamba jua linatokea upande wa Kenya, kwamba ukigusa kitu kilichowekwa ndani ya makumbusho, kile kitaa chekundu cha darini kinanakili alama za vidole vyako na kuzituma mpakani. Kufikia jioni, kompyuta za pande zote mbili zimekufungia. Hutavuka tena Busia mpaka unaingia kaburini, na kaburi lenyewe litachimbwa upande uleule ulikokutwa.

Habari hizi nilipewa na muuza mayai ya kuchemsha kwenye foleni ya kuvukia. Hakuwahi kukanyaga makumbusho yoyote, kwa hiyo alizungumza bila kusita. Alimjua mtu. Mtu huyo aligusa ngoma, ngoma tu, na mpaka leo mke wake yuko ng'ambo, yeye yuko huku, wanapungiana mikono. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa shule ya jioni, niko karibu kupata cheti chenye mhuri, na bado nilimeza habari hizo pamoja na yai. Usinicheke. Kazi yangu ni kuvusha vitunguu na nyanya kwenda Busia ya Kenya kila siku anayoileta Mungu. Kidole changu ndicho jembe langu.

Ndiyo maana mwalimu wetu wa jioni alipotupeleka Tororo kutazama makumbusho madogo yaliyofunguliwa ndani ya ghala la zamani la pamba, niliingia mikono ikiwa mfukoni. Tulikuwa watu wazima, wengine wenye wajukuu, tumechomekea mashati kama tunakwenda kuposa. Kuta zilikuwa nyeupe hata ukaogopa kupumua karibu nazo. Na katikati ya ukuta mmoja, peke yake, chini ya taa yake yenyewe, nyuma ya kamba, palitundikwa kikalio cha baiskeli.

Kama wewe ni mtoto wa enzi za pikipiki, nikueleze. Zamani abiria wa Busia walivushwa kwa baiskeli. Ulikaa nyuma, kwenye keria, na juu ya keria palifungwa kikalio: mto mgumu uliojazwa sufi, ukavikwa reksini, yaani ngozi ya bandia, ukashonewa vipande vya rangi na matamvua pembeni. Hiki cha ukutani kilikuwa cheusi, na katikati kina ua la njano lililozungukwa na petali nyekundu.

Nilisimama pale mpaka wenzangu wakadhani malaria imenipanda.

Na mimi nimekulia katikati ya vikalio. Mama yangu alivishona upande huu wa mpaka tangu sijazaliwa mpaka baiskeli zilipokwisha barabarani. Nililala juu ya vikalio, nilikula juu ya vikalio, nadhani meno ya kwanza niliyaotea kwenye tamvua. Lakini sikuwahi kukitazama hata kimoja. Nani aliwahi? Mpaka mzima uliijua sanaa ile kwa makalio. Mapadri, walanguzi, maharusi, wagonjwa wa kwenda zahanati, wote walilikalia ua, wakateremka, wakaenda zao. Sasa, kwa kuwa ilikatazwa kukaa, ndipo nilipoona kwamba petali hazilingani. Niliona kwamba uzi ulibadilika rangi upande mmoja, kama mtu aliyeishiwa katikati ya kazi akaazima kwa jirani. Niliona kwamba matamvua yalisukwa moja moja, kwa subira ambayo hakuna abiria aliyewahi kuishukuru.

Kilikuwa kizuri kupita kiasi. Na hapohapo nikapata huzuni, kama ya kumkuta mtu unayemfahamu sana amevalishwa suti ndani ya jeneza.

Chini yake palibandikwa kikaratasi: Kikalio cha baiskeli. Busia. Mshonaji hajulikani.

Darini, kitaa chekundu kikanikonyeza. Nikatoka kinyumenyume.

Jioni nilimkuta Mama amekaa mlangoni anamenya karanga. Alikuwa akizimenya kwa vidole tu, kwa kuwa mtoto wa jicho alikwisha kumfunika macho yote mawili. Watu aliwaona kama mvuke. Nikamsimulia. Vidole vikasimama.

"Kina ua?"

"Kina ua la njano."

"Hata yule mshonaji wa ng'ambo alishona ua la njano," akasema. "Aliniiga mpaka nikamzoea. Kimelala sawa, au ukingo mmoja umeinuka?"

"Mama, kiko ukutani. Ukutani kila kitu kimesimama."

"Basi hujaona kitu."

Ndipo akanieleza jambo ambalo nilikuwa nimeishi nalo nyumba moja bila kulijua. Wanawake walipanda baiskeli kwa kukaa upande, miguu yote kushoto. Barabara ikiwa na mashimo, mwanamke anateleza, anateleza, mwishowe yuko chini na sukari yake. Kwa hiyo Mama alikuwa anashindilia sufi zaidi kwenye ukingo wa kushoto, ule unaopita chini ya mapaja, ili mwili uegemee ndani. Yule wa ng'ambo alijaza sawasawa tu, kama mkate.

"Haionekani kwa macho," akasema. "Unakikalia, ndipo unajua."

Akamenya karanga mbili tatu. Nilijua anachokiwaza. Pikipiki zilipoingia, vikalio vilitupwa. Vingine vilioza nyuma ya soko, vingine vilitafunwa na mbuzi, na mbuzi wa Busia hawabakizi. Yeye macho yakamwishia, cherehani ikafunikwa kitambaa.

"Miaka yote ile nashona," akasema, "na hakuna hata kimoja ninachoweza kukishika. Nataka kujua kama kimebaki kimoja. Basi. Nikijua kipo, nimetosheka."

Nikasema tutakwenda, siku moja. Mimi na siku moja ni marafiki wa kufa na kuzikana. Lakini wiki hiyohiyo mwalimu akatuambia darasani kwamba vitu vyote vya makumbusho vinahamishiwa Kampala Ijumaa, na lile ghala litarudi kuwa ghala. Kampala kwa Mama ilikuwa mbali kama mwezini.

Ijumaa tukaingia Tororo mchana. Mama alivaa gomesi yake ya kanisani. Mimi nilitia mfukoni leso safi, na sikumwambia ya nini.

Tulikuta nusu ya vitu vimekwisha kufungwa. Masanduku ya mbao yalipangwa sakafuni, majani makavu yametapakaa, kuta zimebaki na misumari. Kikalio kilikuwa bado. Karibu yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mlinzi, msichana wa Iyolwa mwenye shati la kazi lililomzidi mabega. Msimamizi wake, alituambia, amekwenda kuleta lori.

"Angalieni haraka," akasema. "Akirudi tunafunga na hiyo."

Nikamsogeza Mama mpaka kwenye kamba. Akainua uso, akakunja macho, akaugeuza huku na huku.

"Sioni kitu. Ni mwanga tu," akasema. "Wameweka mwanga mbele ya kitu."

Taa ile ile iliyonifumbua macho mimi, yeye ilimfunga kabisa. Akanyoosha mkono juu ya kamba. Msichana akasimama, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, chenye "na" moja kwa watu wote:

"Mama, hapana pita kamba."

"Binti yangu, hiki ni cha kukalia."

"Sasa ni ya kuangalia."

"Nani aliamua?"

"Mimi nakuta imeamuliwa."

"Nataka nikikalie mara moja tu. Nijue kama ni changu."

Msichana alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. "Mama, wewe nataka mimi nafukuzwa kazi?"

Mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayepiga soga kisimani, "Kwenu kulikuwa na baiskeli?"

"Ya babu."

"Wewe ulikaa wapi?"

"Mbele, kwa chuma."

"Na nyuma?"

"Bibi."

"Alikaa upande?"

"Alikaa upande. Nakwenda naye soko, narudi naye."

"Aliwahi kuanguka?"

Msichana akafikiri. "Hapana. Hata siku moja."

"Babu yako alinunua wapi kikalio?"

Msichana akatazama ua la njano, akamtazama Mama, akatazama mlango. Nje, honi ya lori ikalia mara mbili. Mimi moyo ulikuwa unanidunda hata nikaogopa kitaa kitausikia.

"Mimi nakwenda kufungua geti," akasema hatimaye. "Geti ni nzito. Inachukua muda." Akasukuma kiti chake cha plastiki kwa mguu mpaka chini ya kikalio, kama mtu anayekiondoa njiani, akatoka bila kugeuka.

"Teremsha," Mama akasema.

"Mama, ngoja kidogo."

"Ningoje nini? Mimi sifiki huko juu. Teremsha."

Nikainama sikioni mwake nikamweleza yote: kitaa, alama za vidole, kompyuta, yule mtu na mke wake wanaopungiana mikono. Nikamwambia kwamba kesho kuna magunia ya vitunguu yananisubiri, na kwamba nikifungiwa huku hatutakula nyanya tu, tutakula majani yake. Nilitegemea anicheke. Hakunicheka. Alikunja uso kama anayepima kitambaa.

"Nani alikuambia?"

"Muuza mayai."

"Mimi ningekiteremsha mwenyewe," akasema, "kama ningekuwa na urefu. Vidole vyangu haviendi popote tena. Lakini sina."

Geti likaanza kusaga nje. Nikatoa leso, nikaifunga kuzunguka vidole vya mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto niliomba Mungu. Nikavuka kamba. Jasho lilinitiririka hata ningeweza kumwagilia shamba la mpunga Nabuyoga. Kitaa kikakonyeza. Nikashika kikalio, nikakiinua kwenye misumari. Kitaa kikakonyeza tena. Kikalio kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, na kilinuka dawa ya wadudu. Huo ndio ulikuwa ugeni wake wote. Mara tu kilipoachana na ukuta kikaacha kuwa ajabu la mbinguni, kikawa kikalio, nami nikakikumbatia chini ya kwapa kama nilivyokuwa nafanya nikitumwa kumpelekea mteja.

Nikakiweka juu ya kiti. Mama akakipapasa kingo, akakizungusha kidogo kikae alivyotaka, akakusanya gomesi yake, akakaa upande, miguu yote kushoto. Mkono mmoja akaushika hewani, pale ambapo kiuno cha mwendesha baiskeli kingekuwa.

Nikasubiri. Nje, sauti za wanaume, mlango wa lori ukibamizwa.

"Vipi?"

"Sijui bado. Tikisa."

"Nitikise nini?"

"Kiti. Bila mashimo nitajuaje?"

Basi nikachuchumaa katikati ya makumbusho, nikashika miguu ya kiti cha plastiki, nikakitikisa. Yeye akapanda na kushuka, uso umekazwa.

"Hii ni lami. Tikisa barabara ya zamani."

Nikatikisa barabara ya zamani. Nikatikisa mtaro wa nyuma ya soko. Nikatikisa pale pa kona walipokuwa wakimwaga maji machafu, ambapo kila mtu alianguka isipokuwa waliobahatika. Kiti kililia kama mbuzi. Hatua za watu zikaanza kusikika kwenye changarawe. Nilitaka kumwambia inatosha, lakini nilimwona anavyoegemea, kila shimo likimrudisha ndani, kila shimo likimrudisha ndani, na matamvua yakicheza pembeni kwa mara ya kwanza tangu yatundikwe. Hakuteleza hata inchi.

Akainua mkono. Nikaacha.

"Ni changu," akasema. Alibaki amekaa kidogo zaidi, kama abiria aliyefika kwake lakini hataki kushuka.

Msichana akaingia mbio. "Mzee nakuja."

Sijui nilikirudisha vipi kile kitu ukutani. Nakumbuka Mama akiwa amesimama upande sahihi wa kamba, na mimi nikihema kama niliyevusha magunia kumi. Msimamizi aliingia, mwanamume mpana kama mlango wa kanisa, na kamba za kufungia begani. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kikalio.

"Mbona kimepinda?"

Msichana alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hakijapinda," Mama akasema. "Ukingo wa kushoto uko juu. Niliushindilia mwenyewe."

Msimamizi akamtazama, gomesi yake, macho yake yenye ukungu. Akanitazama mimi. Akakitazama kiti cha plastiki kilichosimama mahali kisipotakiwa. Nadhani alielewa yote, kwa kuwa alishusha pumzi ndefu na kutoa kalamu nene aliyokuwa akiandikia masanduku.

"Mama, umesema ulikishona wewe? Nikuandike nani?"

"Andika kwamba mshonaji yuko Busia. Anayenitaka ataniuliza sokoni."

Akaandika kwenye kile kikaratasi, akalifuta lile neno la hajulikani kwa mstari mmoja mnene. Kisha akakiteremsha mwenyewe, akamwacha Mama akishike wakati sanduku linawekwa majani. Alikishika kwa mikono miwili mpaka alipoombwa akirudishe.

Tulipokuwa tunatoka, msichana akanishika kiwiko.

"Kaka, umekata kidole?"

Nikatazama. Leso ilikuwa bado imefungwa mkononi. Nikamvuta pembeni nikamnong'oneza habari ya kitaa, nikamuuliza, kwa heshima zote, kama kesho nitaweza kuvuka.

Akainua macho darini, akanirudishia.

"Ile? Ile ni ya kunusa moshi, kaka. Ikisikia moshi, nalia. Kidole haijui."