Nyumba ya Mama Naeku

Soipan hapigi kelele, na hiyo ilikuwa inanichoma roho. Mimi Mugure, mama yake Kiama, jirani yake ukuta kwa ukuta kwenye kota za serikali hapa Kitengela, maji yakikatika napayuka mpaka Isinya wananisikia. Yeye anachukua jembe, anazibua mtaro, kisha anakwenda kukaa kwa benchi la ofisi ya nyumba mpaka wamtafutie fundi. Ndivyo tulivyopata vyoo vinavyofanya kazi. Wapangaji tukamchagua mwenyekiti.

Ni mzaliwa wa Mashuuru, Umaasaini. Alipoolewa alijijengea nyumba kwa mikono yake, fito na mavi ya ng'ombe, kama wanawake wote wa kwao. Kiangazi kilipomaliza ng'ombe wa mumewe, Lemein, wakahamia huku mjini na Naeku, mtoto wao wa kwanza. Lemein akawa askari wa duka la mabati. Mtu mzuri, lakini roho yake ilibaki malishoni.

Basi serikali ikasema itabomoa kota na kujenga ghorofa, na kila familia itapewa nyumba iwe yake kabisa. Wacha tushangilie! Halafu tukasikia kila nyumba itaandikwa jina la mwanamume. Jioni hiyo Soipan akaja kwangu, akakaa jikoni bila kugusa chai.

"Mama Kiama," akaniambia, "Baba Naeku ameshaongea na Gakuru, yule broka wa nyumba. Akipewa nyumba tu, anauza, ananunua ng'ombe."

"Na wewe na watoto?"

"Anasema turudi Mashuuru. Na Naeku yuko kidato cha tatu, nimtoe shule?"

Akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na haki ya Mungu nilitaka kwenda kumvuta Lemein masikio. Soipan akanishika mkono.

"Usimtukane. Ni mtu wa ng'ombe. Anaumia."

Wiki iliyofuata Bwana Ndulu, afisa wa nyumba, alikuja kusikiliza maoni yetu kabla mpango haujapitishwa. Nilikuwa nimejaza mdomo maneno, lakini Soipan akanitangulia kusimama. Wala hakumtazama Ndulu. Alimgeukia Mzee Parmuat, ambaye Wamaasai wote wa kota humsikiliza.

"Mzee, kwetu nyumba inajengwa na nani?"

"Na mama. Hilo nalo ni swali?"

"Na ni ya nani?"

"Ya mama! Mwanamume ako na ng'ombe, mama ako na nyumba. Hata mtoto anajua." Wazee wakacheka.

"Na mwanamume akiuza nyumba ya bibi yake?"

Kicheko kikakatika. "Huyo si mwanamume," mzee akasema. "Mwacha mila ni mtumwa."

Bwana Ndulu, maskini, hakujua kinachoendelea. Akauliza kama kuna mzee anayepinga hayo aliyosema Parmuat. Macharia, mume wangu, akaanza kujikohoza, nikamkanyaga mguu.

Lemein alikuwa amekaa katikati ya wazee wa rika lake, fimbo magotini. Gakuru alisimama nyuma akimkazia macho. Lemein akainuka polepole.

"Jina langu mlitoe," akasema. "Nyumba ni ya Mama Naeku. Andikeni yeye."

Nilikuwa na hasira naye siku zote hizo, lakini pale nilimhurumia sana, kwa maana alikuwa amepoteza ng'ombe wake mara ya pili. Gakuru akajiendea zake bila kuaga mtu.

Mpango ulipopitishwa, ulisema jina la mama liandikwe, na bila yeye kukubali, hakuna kuuza. Hata mimi niko na yangu. Macharia alininunia weee, mpaka akachoka mwenyewe.

Siku Soipan alipohamia ghorofa ya nne, nilimsaidia kupandisha masufuria. Lemein akatoka kazini akatukuta, akasimama mlangoni. Mlango ulikuwa wazi kabisa, lakini hakuingia mpaka Soipan alipomwambia karibu. Akapita moja kwa moja hadi dirishani. Kule nje mbuga ilikuwa imetandaa mpaka macho yanachoka, nyasi tele, hakuna mfugo hata mmoja.

"Kutoka hapa," akasema, "mtu angeona ng'ombe wake wote."

Soipan alichukua kiti kimoja tu kilichokuwa kimeshafika juu, akakiweka pale dirishani.

"Kaa, Baba Naeku," akamwambia. "Hapa ni pako."