Ekseli Iliyokuwa Ikicheza

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimechuchumaa uani kwa mama, Kariakoo, nikikamilisha pikipiki isiyo na kabila. Fremu ilikuwa kuukuu ya Kiingereza, nimeitoa kwenye vyuma chakavu. Injini ya Kijapani. Tangi sijui la wapi. Nililipiga msasa wiki nzima. Gurudumu la mbele lilitoka kwenye pikipiki nyingine kabisa. Miezi minane wapangaji waliruka vyuma vyangu wakienda bafuni, wala hawakunisema sana.

Kasoro ilikuwa moja. Ekseli ya mbele ilikuwa nyembamba kuliko tundu lake, ikawa inacheza. Nikaenda nayo pamoja na gurudumu, mtaa wa Gerezani, kwa Mzee Mbwana, fundi mchonga vyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akaipachika, akaitikisa. "Hii inataka bushi, pete ya chuma ya kuijazia. Njoo Jumamosi nikuchongee."

"Kesho kuna harusi Kigamboni, mzee. Nataka niende nayo."

"Harusi itafana bila pikipiki. Chuma kikicheza hakitanii, kijana."

Nilirudi nyumbani, nikakata bati la kopo la maziwa, nikaizungushia ekseli, nikakaza nati. Haikucheza tena. Nikajiona fundi. Ujana una kiburi chake, nawe usione haya, sote tumepita huko.

Ijumaa baada ya swala, dada yangu Zuhura akapanda nyuma. Alikuwa mdarizi, hakuna bi harusi mtaani kwetu aliyeolewa bila shuka za Zuhura. Tulipokaribia kivuko cha Magogoni usukani ukaanza kutetemeka. Bati lilikuwa limekatika. Gurudumu likalala upande, nasi tukaanguka. Mimi nilichubuka goti. Zuhura alivunjika mkono wa kulia. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye sikusikia, akavunjika mwingine.

Mama alipouliza, nikasema msukuma mkokoteni alitukatizia njia. Zuhura alinitazama, akanyamaza. Basi wiki nzima mama akawa anawalaani wasukuma mikokoteni wanaopita mlangoni, watu wa jasho lao, wasiojua lolote.

Mfupa uliunga vibaya. Vidole viwili havikukunjika tena, na sindano ikamshinda. Akaanza kuuza nyuzi badala ya kudarizi.

Nilipompelekea Mzee Mbwana ile ekseli, alibandua mabaki ya bati, akayaweka mezani mbele yangu.

"Mama yako anajua?"

"Hajui, mzee."

"Ukishamwambia, njoo. Bushi nitaichonga siku hiyo hiyo."

Akarudi kwenye mashine yake.

Nilimkuta mama akipepeta mchele, Zuhura kando yake. Nikasema yote: bati, onyo la mzee, mkokoteni ambao haukuwepo. Nilitegemea kelele. Mama aliweka ungo chini, akamgeukia Zuhura.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, mama. Nilikuwa namngoja aseme mwenyewe."

Mwanangu, nimekemewa na wengi maishani. Hakuna aliyenikemea kama dada yangu siku ile, na wala hakuwa akisema nami.

Bushi ilichongwa. Niliiendesha pikipiki ile miaka mingi, na watu waliisifu. Zuhura hakuipanda tena, nami sikumwomba.

Nasikia nawe umeanza kukusanya vyuma. Unda, sikukatazi. Ila kazi ikikwambia bado, iamini kuliko hamu yako. Usimpakie mtu juu ya kitu ambacho hujakijaribu peke yako. Na ukikosea, sema kabla hujaulizwa, maana anayekupenda atakusitiri, na mzigo wa siri yako ataubeba yeye.

Mungu akupe mikono tulivu na ulimi mkweli, na haraka yako asiilipie mwenzio. Amina.