Bastola Ndefu ya Luteni Mgaya

Jumamosi moja ya miaka ile ya ruksa, mimi na Luteni Mgaya tulishuka sokoni Makambako kununua glavu za sufi. Sabuni, sukari na mitumba vilikuwa tele, na foleni zilishasahaulika. Mgaya alikuwa mtoto pekee wa mama mjane wa Uwemba, kwetu Njombe. Mimi nilikuwa koplo, fundi wa silaha wa kikosi, na nasema bila haya kwamba sikuwa na mpinzani.

Jumatatu ikaja amri: tunavuka Ruvuma kuwasaidia majirani vitani.

Ghalani tulikuwa na bastola za aina mbili, zote za Kirusi, zote za risasi nane. Fupi ilikaa vizuri kiganjani, ina kitufe cha usalama, na magazini yake huachiwa kwa kibano kilicho chini kabisa ya mpini. Ndefu iliizidi kwa upana wa vidole viwili. Ilikuwa nyembamba, nzito zaidi, haina kitufe cha usalama, ila risasi yake huenda mbali. Magazini yake huachiwa kwa kitufe cha ubavuni, karibu na dole gumba.

Mgaya alikuwa ametumia fupi miaka yote. Siku hiyo akaitaka ndefu.

"Afande, mkono wako umezoea fupi," nilimwambia.

"Si upo wewe, Koplo? Nifundishe."

Nikavimba kichwa. Asubuhi tatu mfululizo, baridi ikituuma, nilimfanyisha mazoezi na glavu zake mkononi. Sisi watu wa Njombe tunaamini mkono unaoiweza baridi yetu hautashindwa popote. Siku ya tatu alibadilisha magazini akiwa amefumba macho. Nikamtangaza amefuzu.

Wiki ya pili ng'ambo, lori letu lilishambuliwa katikati ya mashamba ya mihogo. Jua lilikuwa kali, mikono imelowa jasho.

Mimi na Mgaya tulijitupa mtaroni. Wenzetu wanne walinasa nyuma ya lori.

Mgaya alifyatua risasi zote nane ili wapate kupita. Kisha nikaona mkono wake ukishuka chini ya mpini.

Alikuwa anatafuta kibano cha fupi.

Nikamsukumia bastola yangu, fupi. Aliidaka bila kuitazama, akainuka, akafyatua kwa utulivu. Wanne wote wakafika mtaroni. Lakini muda ule wa kupapasa ulikuwa umemtosha adui kujua alipo.

Alipigwa shingoni.

Niliokota ndefu, nikabadilisha magazini, nikaendelea mpaka askari wengine wa kikosi walipotufikia. Mikono yangu haikukosea hata mara moja. Najivunia hilo mpaka leo, na linaniuma.

Vita vilipokwisha nilikwenda Uwemba. Mama yake alikuwa anamenya viazi.

"Kamwene, mwanangu. Wameniambia alikufa kishujaa. Wewe ulikuwepo. Nieleze."

Ningeweza kuishia kwenye ushujaa, na usingekuwa uongo.

"Aliwaokoa watu wanne, mama. Ila silaha ile haikuwa ya mkono wake. Nilijua, na bado nikasema anaiweza."

Alimenya kiazi kizima kabla ya kujibu.

"Hao wanne wako wapi?"

"Wamerudi makwao. Wazima."

"Waite. Shamba langu halina mtu wa kulilima."

Walikuja wote. Tulilima shamba lile kila msimu, miaka kumi na mmoja, mpaka tulipomzika mama yule, na hatukukosa msimu hata mmoja. Tulikuwa watano, na kazi ile ilikuwa ya mtu mmoja.