Maneno Hukaa Kiukoo

Siku ya kwanza niliporipoti kazini Bariadi, Mganga Mfawidhi wa hospitali alinipokea kabla sijatua begi. Nilikuwa nesi niliyetoka kusomea tiba ya usemi, yaani kuwasaidia waliopoteza maneno baada ya kiharusi.

"Mgonjwa akikiita kijiko sufuria, utafanya nini?" akaniuliza.

"Nitamsahihisha, Mganga."

"Subiri kwanza. Hakusema baiskeli wala kanisa. Amesema sufuria. Huyo ameshafika jikoni."

Akanieleza jambo ambalo ninyi vijana mnaoanza kazi hii mnalisoma darasani: ubongo hauyaweki maneno ovyo. Yanayohusiana kwa maana hushikamana, vyombo na vyombo, mifugo na mifugo, ndugu na ndugu, na ukilitaja moja, wenzake huamka. Ndiyo maana tunakumbuka kwa wepesi vitu vya kundi moja kuliko vilivyochanganywa. Kiharusi kikigusa sehemu ya lugha, mtu anaweza kuufikia ukoo wa neno, kisha akashika neno jingine.

Baadaye nilihamishiwa Mwanhuzi. Kule kwa wafugaji, picha zangu za friji na pasi hazikunifaa. Nilichora ndama, mtamba, fahali na maksai, na wazee waliokuwa kimya wakaanza kujaribu.

Niliporudishwa Bariadi, aliletwa mama mmoja aliyepata kiharusi, mkulima wa pamba kutoka Mwamapalala, pamoja na binti yake, Kabula. Nikawaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Mama alitikisa kichwa tu. Kisha akamtazama binti yake, akatamka wazi: "Limi."

Kabula akatoka nje. Nikamfuata.

"Limi ni dada yangu, nesi. Tumemzika mwaka jana. Mimi ndiye ninayemuogesha mama, halafu ananiita marehemu. Nyumbani wanasema akili imekwisha, tumrudishe tu akapumzike."

"Hajawahi kukuita jina la jirani? La shangazi?"

"Hapana. Ni Limi tu."

"Basi anajua wewe ni mwanawe. Amewafikia mabinti zake, akamshika mwingine. Limi maana yake nini?"

"Jua."

"Na Kabula?"

"Linatokana na mbula, mvua. Nilizaliwa inanyesha."

Nikamwomba azungumze na mama yake kwa Kisukuma habari za mvua: mawingu, ngurumo, kupanda pamba, ila jina lake asilitaje. Siku hiyo hatukupata kitu, wala iliyofuata. Ndugu mmoja alikuja na gari kuwachukua. Kabula alikataa kupanda.

Asubuhi moja alikuwa akisimulia jinsi mvua ilivyowahi kuwakuta shambani wote watatu, wakajifunika gunia moja. Midomo ya mama ikacheza.

"Mbula," akasema. Akamkazia macho binti yake. "Mbula... Ka... Kabula."

"Naam, mayu," Kabula akaitika, akalaza kichwa kwenye magoti ya mama yake. Mimi nikajifanya natafuta kitu kabatini.

Sasa nimestaafu, na wajukuu zangu nawachanganya majina. Wakicheka, nami nacheka. Kwenu mnaoanza, nawaomba msiwe wepesi kusema mtu hajui anachosema. Kaeni naye.

Majuzi nilikutana na Kabula sokoni. Aliniambia mama yake anaongea, polepole, ingawa akichoka bado humuita Limi.

"Na wewe unamsahihisha?"

"Naitika tu, nesi," akasema. "Hata mimi namkumbuka."