Siendi kwa Mtu

Katika ukoo wetu watu huenda nchi za nje kwa sababu tatu: kusoma, kutibiwa, au kumfuata mtu. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa na miaka hamsini na tisa alipotangaza mezani, Jumapili mchana, kwamba anakwenda ng'ambo wiki mbili, kutembea. Baba aliweka kijiko chini akauliza anakwenda kwa nani.

“Siendi kwa mtu,” akasema shangazi. “Naenda kuangalia.”

Baba alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka, na mpaka leo najivunia hilo, maana ni machache niliyoyafanya vizuri mwaka ule.

Shangazi ni fundi cherehani wa sare za shule. Chumba chake cha kazi kina dirisha moja, cherehani mbili za miguu na meza ya kukatia iliyokwaruzwa na mikasi mpaka ikawa na makovu. Miaka thelathini na sita ameikanyaga pedali, na pedali nayo imemkanyaga yeye: goti la kulia limekwisha. Daktari alimwambia ana mwaka mmoja, pengine miwili, na baada ya hapo ngazi ataziona kwa macho tu. Mwingine angeambiwa hivyo angetafuta kiti. Shangazi alitazama ukutani.

Ukutani kulikuwa na kalenda ya duka la vitambaa, ambayo muda wake ulikwisha miaka kumi na mmoja iliyopita. Tarehe alishazikata zamani, ikabaki picha: mji wa kigeni juu ya kilima, nyumba nyeupe zimebanana, na katikati yake ngazi za mawe zinapanda, zinapanda, mpaka picha inakwisha kabla hazijafika. Alitaka kujua huko juu kuna nini. Hakuwa na sababu nyingine, na hakuona kwa nini awe nayo. Baba alimwambia juu kuna mawe mengine. Basi nitayaona, akajibu.

Kuna watu hupanga safari kama wanaokimbia mvua. Shangazi aliipanga kama anavyokata nguo: pima mara mbili, kata mara moja. Alitandika karatasi ya kaki anayochorea vipimo, urefu wa mkono mzima, akaigawa siku kwa siku kwa rula na chaki, kisha akaipigilia ukutani chini ya picha. Sehemu ya chini kabisa aliikunja kama pindo la sketi, akaibana kwa pini. Kila aliyenyoosha mkono kuigusa alichapwa kwa tepu ya kupimia, nikiwemo mimi.

Karatasi ile ilikuwa na akili kuliko wasafiri wengi ninaowajua. Tiketi hainunuliwi kabla ya viza, iliandikwa hapo, kwa sababu jirani yetu mwenye duka alinunua kwanza, akabaki anaitazama kama barua ya mchumba aliyeolewa na mwingine. Mwezi wa safari aliuchagua kwa kuuliza ni lini mawe yale hayana mvua, maana goti na utelezi hawapatani. Nyumba ya wageni alichukua iliyo chini ya kilima, hatua chache kutoka kwenye ngazi, na anwani yake akainakili kwa maandishi ya wenyewe, ili amwonyeshe dereva bila kufungua mdomo. Nakala ya pasipoti moja ilikaa kwangu, nyingine ndani ya sanduku. Alijifunza maneno matano ya lugha yao: salamu, asante, maji, choo na hapana. Hapana ndiyo aliyoifanyia mazoezi kuliko yote. Siku ya kwanza aliandika: kulala, usipange kitu. Ngazi aliziweka siku ya tatu, asiziweke mwishoni, ili akishindwa apate siku ya kujaribu tena.

Kosa la kwanza alilinasa baba. Aliichukua ile pasipoti, akaifungua, akaona imebakiza miezi minne, na nchi ile haipokei mtu ambaye pasipoti yake imebakiza chini ya sita. Alifurahi kama aliyeokota kitu. Hata pasipoti imekataa, akasema. Shangazi alilitia kosa alama ya chaki, kama anavyotia mshono wa kufumuliwa, na kesho yake asubuhi alikuwa kwenye foleni ya pasipoti amekalia kigoda alichokibeba mwenyewe.

Siku ya mahojiano ya viza nilimsindikiza. Nyuma ya kioo alikaa kijana ambaye shangazi angeweza kumzaa, mpole, shati limepigwa pasi vizuri. Aliuliza nani anamwalika. Hakuna. Ana mtoto kule? Hana. Anakwenda kutafuta kazi? Shangazi akamwambia kazi anayo, anakwenda kupumzika kutokana nayo. Kijana akakuna kidevu, akasema watu wa umri wake kwa kawaida huenda kwa watoto wao. Hapo nikaona mabega ya shangazi yananyooka, nikajua leo kazi ipo.

“Mwanangu, likizo yako ya mwisho ulikwenda kwa nani?”

Kijana alisita, akasema alikwenda kupumzika tu.

“Basi na mimi hivyohivyo,” akasema shangazi, akaikunjua ile karatasi ya kaki na kuipitisha chini ya kioo, kipande baada ya kipande, mpaka kijana akawa ameikumbatia. Aliisoma yote isipokuwa penye pini, akairudisha, nayo ikarudi ukutani. Wiki mbili baadaye viza ikatoka.

Baba hakukubali. Siku ya safari alijitolea kutuendesha mpaka uwanja wa ndege, na wakati wa kutoka nikamsikia akimwambia mama asiiondoe sahani ya shangazi mezani, kwa sababu mchana tutakula naye. Anamjua dada yake, alisema. Akiiona ile milango ya vioo atageuka. Nilikasirika, lakini nilipakia sanduku, maana gari lilikuwa lake.

Mlangoni askari aliomba pasipoti. Shangazi akashika koti lake, akaganda.

Alikuwa amesikia sana habari za wezi wa wasafiri. Sasa, mtu mwingine akiogopa wezi hununua mkoba wa kuvaa kiunoni. Fundi hushona. Alikuwa ameifumua bitana ya koti, akaitia pasipoti ndani, akatia na ufunguo wa kufuli ya sanduku, kisha akashona kwa uzi maradufu uliopakwa nta, mishono ileile anayowekea mifuko ya wavulana wa shule, isiyochanika mpaka mvulana awe baba. Mkasi, kama karatasi ilivyoagiza, haukuwa kwenye mkoba wa mkononi. Ulikuwa ndani ya sanduku. Sanduku lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kifuani pake, umelala na pasipoti.

Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Nilizunguka nikiomba wembe. Nani anakuja na wembe uwanja wa ndege? Askari mwenyewe alinionya nisilitaje neno hilo tena. Niliporudi nikamkuta baba ameshika mpini wa sanduku, ameligeuza kuelekea kwenye maegesho.

“Umejaribu, dada,” alisema, kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma. “Chakula kipo. Twende nyumbani.”

Shangazi alivua koti. Aliketi sakafuni palepale mlangoni, mtu mzima na koti lake mapajani, akanyoosha mkono.

“Nipe funguo za gari.”

Baba alidhani amekubali, akampa. Shangazi alichagua ule mwembamba zaidi, akachokoa mshono wa kwanza kwa ncha yake, akaunyanyua, akainama akaukata kwa meno. Akaja wa pili. Akaja wa tatu. Mimi nilisimama mbele yake nimetanua mikono ili watu wenye masanduku wasimkanyage, na aliyetaka kunisukuma alikutana na macho yangu. Alifumua kwa mpangilio, bila kuchana kitambaa hata mahali pamoja, kwa kuwa fundi hata akiwa na hasira haharibu koti. Pasipoti ikatoka. Akainuka kwa kushika kiuno changu, goti likitoa mlio, akamrudishia baba funguo zikiwa na mate.

“Ile sahani muifute, muirudishe kabatini,” akasema. Kumbe alisikia.

Siku ya tatu akapiga simu, anahema. Ngazi ni mia mbili na kumi na nne. Amekaa njiani mara tisa. Wanafunzi wamempita wakikimbia, na sare zao, alisema, mapindo yameshonwa ovyo. Nikamwuliza juu kuna nini. Akasema kuna benchi, na upande wa pili kuna ngazi nyingine zinashuka, ambazo kwenye kalenda hazimo. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia na hataki kuulizwa, kwa hiyo sikumwuliza. Baba, aliyekuwa amesimama begani kwangu, akasema nimwulize kama sasa atarudi mapema.

“Tarehe iko ukutani,” akasema shangazi. “Asome.”

Tulikwenda chumba cha kazi siku hiyohiyo. Baba aliisoma karatasi kutoka juu, kidole kikifuata mistari, kama mtu anayetafuta kosa la pili. Alipofika chini akachomoa pini, na safari hii hapakuwa na wa kumchapa. Ndani ya pindo kulikuwa na maandishi ya chaki ya bluu: “Mwakani, mji wenye mto. Goti likikataa, fimbo. Mdogo wangu akikataa kunipeleka, teksi.”

Baba alilikunja lile pindo, akalibana tena kwa pini mahali palepale.