Mhuri wa Protini

Mlango wa daktari wa masikio pale Bagamoyo ulikuwa wazi, na sisi wa foleni tukasikia yote. Ndani walikaa mama, binti yake kiziwi na mama mkwe.

"Ndani ya sikio kuna seli zenye vinywele vya kunasa sauti," alisema daktari. "Protini ya kuvijenga ilikosekana tangu mimbani. Kasoro hiyo kairithi kwa wazazi wote wawili."

"Hata kwa baba?" aliuliza mama.

"Hata kwa baba."

"Basi andika, dokta. Na mhuri upige."

Karatasi ilipopigwa mhuri, mama akamkabidhi mkwewe kwa mikono miwili. "Mama, umetangaza mtaa mzima kuwa tumbo langu lina laana. Sasa katangaze na hii."

Mihuri ya hati za viwanja nimeiona mingi. Wa kumsafisha mwanamke jina, huu ndio wa kwanza. Binti, ambaye hakusikia neno, aliutazama uso wa bibi yake akacheka.