Mpira Niliokataa Kuukata

Mimi nilikuwa mtu wa kujitengenezea gari. Sikuwa fundi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Kitale, mwenye sanduku la spana na kichwa kigumu, na nikadhani hivyo viwili vinatosha. Mafundi wa Tuwan, mtaa niliokuwa nikikaa, walinijua. Nikipita na stesheni wagoni yangu kuukuu walinitania kwamba mwalimu ameufanya tena mtihani wa injini na ameanguka. Nilicheka nao, lakini moyoni niliwadharau. Niliona wanalipwa kwa kazi ambayo mtu yeyote mwenye subira angeiweza.

Mwaka huo, mvua za mwezi wa nne zilipoanza, mpira wa maji ulianza kuvuja. Nasema ule mnene wa juu, unaotoa maji ya moto kwenye injini na kuyapeleka kwenye rejeta yakapoe. Nilikwenda kununua mwingine kwa Kalasinga mmoja mzee aliyekuwa na duka la vipuri mjini. Aliniuliza nani ataufunga. Nilipomwambia ni mimi, hakuniachia ule mpira mara moja, aliushika kwanza.

"Sikia, mwalimu," akasema. "Ile ya zamani imeshikana na chuma. Usivute, usizungushe. Kata na wembe, toa vipande. Hii mpira nauza kila siku. Shingo ya injini siuzi."

Nilimshukuru, nikatoka nikiwa nimekwisha kuamua kwamba sikati. Mpira wa zamani ulikuwa umeoza upande mmoja tu. Ukipunguzwa kidogo mwishoni, ungefaa kuwekwa kwa siku ya shida. Mimi nililelewa Matulo katika nyumba ambayo hata kamba ya ng'ombe aliyekufa ilitundikwa ukutani. Kukata kitu kizima kwetu kulikuwa dhambi ndogo.

Kabla sijapata nafasi ya kuufunga, tulipata habari kutoka Bokoli, kwa wazazi wa mke wangu. Mama yake alikuwa amevimba miguu na pumzi zilikuwa hazimtoshi. Mganga wa zahanati alikuwa ameandika barua apelekwe hospitali kubwa ya Bungoma bila kuchelewa. Tuliondoka Ijumaa shule ilipofungwa, na njiani nilisimama mara tatu kuongeza maji. Tulikubaliana kwamba Jumamosi asubuhi nitabadilisha mpira, kisha mama aondoke.

Aondoke, ila si pamoja nami. Kwetu Wabukusu mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawapandi gari moja. Ni heshima, wala si chuki. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimemjua mama yule kwa sauti iliyo upande wa pili wa ukuta, na kwa kuku aliyenipikia, na kwa karanga alizonitumia kila mavuno. Nikifika langoni nilikohoa, naye akaingia ndani. Basi ilipangwa kwamba shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ataendesha, mke wangu akae nyuma na mama, nami nifuate kwa gari la abiria.

Asubuhi ile yeye ndiye aliyekuwa akikohoa. Nilimsikia kutoka uani nilipofungua boneti.

Klipu inayoubana mpira ilikuwa na kutu lakini ilifunguka. Mpira wenyewe ulikataa. Niliusukuma kwa kidole gumba, nikauchokoa kwa bisibisi, nikapaka sabuni pembeni, wapi. Ulikuwa umenata kwenye shingo ya injini, lile bomba fupi la chuma linalovalishwa mpira. Wembe ulikuwa mfukoni mwa shati langu. Lakini wajomba wa mke wangu walikuwa wameleta viti wakakaa kunitazama, na mkwe akitazamwa ukweni hukaza msuli hata pale asipotakiwa. Mmoja wao aliuliza kama nisaidiwe kutafutiwa fundi wa pale sokoni. Hilo liliniudhi. Nilichukua koleo kubwa, nikaubana mpira, nikauzungusha kwa nguvu zangu zote.

Ukatoka mzima. Wajomba wakaguna kwa kuridhika. Mimi nilikuwa nimesikia mlio mdogo ambao wao hawakuusikia, na nilipofuta ile shingo kwa kitambaa nikauona ufa. Ulikuwa mwembamba, unaanzia mdomoni na kurudi nyuma urefu wa ukucha. Ile shingo ilikuwa ya alumini iliyoliwa na maji kwa miaka mingi.

Ningesema wakati huo. Nimelirudia jambo hili mara nyingi, na kila mara naona ilikuwa rahisi sana: kuinua kichwa na kusema jamani, nimeharibu, tafuteni gari lingine. Pale sokoni palikuwa na pikapu za kukodi. Badala yake niliingia nyuma ya jiko nikakata utepe wa tyubu ya baiskeli, nikauzungusha juu ya ufa tabaka kwa tabaka, nikavalisha mpira mpya juu yake, nikakaza klipu mpaka mkono ukaniuma. Niliwasha injini kwa dakika tano. Halikudondoka hata tone. Nikajiambia Mungu ni mwema.

Shemeji alikuja kuchukua ufunguo.

"Iko sawa, shemeji?"

"Iko sawa. Enda tu polepole."

Sikumwambia aangalie mshale wa joto. Sikumwambia asimame Webuye aongeze maji. Kumwambia hayo kungekuwa ni kumwambia yale mengine. Walipomtoa mama ndani niligeuka nikatazama migomba, kama inavyopasa, mpaka nikasikia mlango wa gari unafungwa.

Nilipata gari la abiria nusu saa baadaye. Tulipita Webuye salama, nami nikaanza kupumua. Tulipokaribia Matulo nikaiona stesheni wagoni yangu kando ya lami, boneti juu, mvuke ukitoka. Nilimwambia dereva anishushe.

Shemeji alikuwa amekimbilia bondeni na dumu kutafuta maji, ingawa maji hayangesaidia tena, maana injini ilikuwa imekwama kabisa. Mke wangu alikuwa kiti cha nyuma, amemwegemeza mama yake kifuani. Pumzi za mama zilikuwa fupi, za juu juu. Mke wangu alikuwa amepunga mkono mpaka pikapu moja ya kubeba maziwa ikasimama ng'ambo ya barabara, na dereva wake alikuwa mzee mwenye mguu mbovu. Mtu wa kumbeba mama hakuwapo ila mimi.

Nikasimama.

Sijui ni kwa muda gani. Mke wangu anasema haukuwa mrefu, lakini yeye ni mtu wa huruma. Nilikuwa nimeshika mlango wa gari, na mikono yangu ilikuwa bado na grisi ya asubuhi, na nilichofikiria, Mungu anisamehe, kilikuwa heshima.

"Mbebe," mke wangu akasema. "Ni mama. Mbebe."

Niliinama nikampokea. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, mtoto wa darasa la sita angemshinda uzito. Aliniona ni mimi. Hakuwa na pumzi ya kusema, lakini aliinua mkono polepole, akashika upindo wa leso yake, akajifunika uso. Hivyo ndivyo nilivyomvusha barabara, yeye akiwa ameshikilia leso ili asinivunjie heshima, na mimi nikijua kilichomfikisha pale. Alikata roho ndani ya pikapu kabla hatujafika Bungoma.

Tulipokwisha kuzika, wazee waliniita, maana mkwe aliyemgusa mama mkwe ana jambo. Walinisemesha kwa upole. Walisema nilifanya vizuri, kwamba ugonjwa hauna mwiko, lakini desturi ni desturi. Kondoo akachinjwa, nikatakaswa mbele ya watu. Wajomba walilaumu gari, wakasema vyuma vya zamani havina rafiki. Kisha aliyekuwa akiongoza akaniuliza, kama inavyoulizwa siku hizo, kama nina neno lingine moyoni, niliseme lifutwe pamoja na hili.

Nikasema sina.

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake. Aliinua macho akanitazama. Ndipo nikakumbuka kwamba asubuhi ile alikuwa jikoni akimchemshia mama uji, na dirisha la jiko lile linatazama nyuma, pale pale nilipokuwa nimechuchumaa na wembe, nikikata tyubu ya baiskeli.

Akainamisha uso. Hajaniuliza kitu mpaka leo.